Mali Bila Daftari: Usakaji wa Filamu Zilizopotea za Muziki wa Roki wa Miaka ya 1960



Mada nitakayoizungumzia leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mhadhara wa taaluma za Kiswahili hutarajiwa kugusa sarufi, ushairi au hati za kale za mwambao, nami nakuja na habari za vijana wa Liverpool na magitaa yao. Sababu ninayo. Katika miongo mitano iliyopita, watu wasio na vyeo wala ruzuku za utafiti wamejenga, huko Uingereza na Marekani, ujuzi wa kutafuta, kutambua na kulinganisha mabaki ya filamu za maonyesho ya muziki wa roki. Ujuzi huo unafanana mno na ule tunaoutumia sisi tunapohakiki tenzi. Aidha, historia ya watu hao inathibitisha jambo moja ambalo ndilo shabaha ya mhadhara huu, nalo ni kwamba kumbukumbu nyingi hupotea kwa kukosa mtu wa kuziandika kwa jina lake halisi, na kwamba anayekuja kuziandika, mara nyingi, ni mpenzi wa jambo lenyewe kabla ya kuwa mtaalamu.

1. Neno "kupotea"

Niruhusuni nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kitenzi "potea" katika Kiswahili si lazima kieleze maangamizi. Mtu aliyepotea njia yu hai na anatembea. Kilichokatika ni uhusiano baina yake na mahali alikokusudia kufika. Rafiki tusiyemwona kwa miezi sita tunamlaki kwa neno "Umepotea!", naye hutujibu, "Nipo." Majibizano haya tunayoyasikia kila siku yanastahili kuchunguzwa. Anayesema "umepotea" anaeleza upeo wa macho yake mwenyewe. Anayejibu "nipo" anaeleza hali ya mambo ilivyo: alikuwa kwake siku zote, ila hakuna aliyebisha hodi.

Tukikinyambua kitenzi hicho tunapata "poteza", na hapo mtendaji huingia katika sentensi, kwa maana kwamba yupo aliyepoteza. Karibu na hivyo kuna vitenzi vingine ambavyo mtafiti hana budi kuvitenganisha. Kuna "kufuta", ambako huondoa kabisa kilichoandikwa. Kuna "kuficha", ambako hukiweka kitu mbali na macho ya watu kwa makusudi. Kuna pia "kutelekeza", yaani kukiacha kitu mahali kinapojulikana kilipo, bila ya mtu kukishughulikia. Magazeti ya Ulaya na Marekani huziita filamu zote hizo kwa sifa moja, "zilizopotea". Mimi nitazigawa kwa kufuata vitenzi vyetu, kwa kuwa kila kitenzi kina historia yake, na kila kimoja kinamdai msakaji kazi ya namna yake.

2. Zilizofutwa

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilileta mashine ya kurekodi picha za televisheni katika ukanda wa sumaku wenye upana wa inchi 2. Ukanda huo ulikuwa ghali, na sifa yake iliyowavutia wahasibu ilikuwa kwamba ungeweza kufutwa na kutumiwa tena. Televisheni ya wakati ule ilifikiriwa kama redio: jambo linalotokea hewani, likaisha. Hakukuwa na kifaa cha kurekodi majumbani, wala hakuna aliyetarajia kwamba mtazamaji atataka kulitazama onyesho lile lile baada ya miaka 10, sembuse 60.

Tarehe 1 Januari 1964, shirika la BBC lilianza kutangaza kutoka Manchester, katika jengo lililokuwa kanisa, kipindi cha kila wiki kilichoitwa Top of the Pops. Karibu makundi yote makubwa ya enzi hiyo yalipita katika kipindi hicho. Hata hivyo, matangazo ya miaka ya 1960 yaliyosalia yakiwa kamili ni machache mno. Sababu zilikuwa kadhaa, na hazikuwa za chuki. Bei ya ukanda nimekwisha kuitaja. Jingine ni kwamba mikataba na vyama vya waigizaji na wanamuziki iliweka mipaka ya kurudia matangazo, hivyo ukanda uliokwisha kutumika haukuwa na faida ya wazi. Halafu rangi ikaingia, BBC2 mwaka 1967 na BBC1 mwaka 1969, na picha nyeusi na nyeupe zikaonekana kama nguo za mwaka jana.

Sababu iliyo muhimu kuliko zote kwa mjadala wetu ni ya kiutawala. Maktaba ya filamu ya shirika hilo ilikuwa na dhamana ya filamu, yaani utepe wa selulosi wenye picha zinazoonekana kwa macho. Ukanda wa sumaku haukuwa filamu. Ulikuwa kifaa cha mafundi mitambo. Kazi ya mafundi ilikuwa kuhakikisha kwamba kanda tupu zinapatikana kwa kipindi kinachofuata. Kwa hiyo hapakuwa na afisa aliyepewa jukumu la kusema, "Hii isifutwe." Ni mwaka 1978 tu ndipo BBC ilipomteua mtu wa kwanza ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua cha kuhifadhiwa. Wahenga wetu walikwisha kulisema hili kwa ufupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano unaotajwa sana ni wa tarehe 16 Juni 1966. Siku hiyo kundi la The Beatles lilifika studio na kushiriki Top of the Pops moja kwa moja, jambo ambalo halikutokea tena, likapiga "Paperback Writer" na "Rain". Miezi miwili baadaye kundi hilo liliacha kabisa kufanya ziara za maonyesho. Ukanda wa siku ile ulifutwa. Ni kundi lililotazamwa na Wamarekani wanaokadiriwa kuwa milioni 73 kwa usiku mmoja wa Februari 1964, na bado umaarufu wote huo haukuweza kuuokoa ukanda mmoja.

3. Waliohifadhi bila kutumwa

Lakini futio la mafundi halikuweza kufika katika sebule za watu. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba sekunde 11 za onyesho lile la 1966 zimepatikana kwa mkusanyaji mmoja aliyekuwa Meksiko. Baadaye mwaka huo huo zikapatikana sekunde 92. Zilikuwa zimepigwa na familia moja ya Liverpool iliyoielekeza kamera yake ya filamu ya milimita 8 kwenye kioo cha televisheni. Picha hizo hazina sauti. Zinawakawaka, kwa kuwa kasi ya kamera na kasi ya televisheni hazilingani. Mtu wa kawaida angeziona kuwa takataka. Kwa wasakaji zilikuwa ushahidi pekee wa picha zinazotembea wa jioni ile.

Yafaa tuelewe kamera ile iliweza nini. Roli ya kawaida ya milimita 8 ilitoa takriban dakika 4, nayo ililazimu igeuzwe katikati, mahali penye kivuli, ili upande wa pili utumike. Super 8, iliyotolewa mwaka 1965, ilirahisisha upakiaji, lakini kasha lake moja lilidumu dakika 3 na sekunde 20 hivi. Onyesho la The Beatles wakati huo lilichukua takriban nusu saa. Kwa hiyo kijana aliyepanda jukwaani mwa uwanja na kamera ya baba yake alilazimika kuchagua: afunge kamera wakati gani, aifungue tena wimbo upi. Kila kipande kilichosalia ni uamuzi wa mtu mmoja juu ya kitu kilichostahili kukumbukwa.

Sauti nayo ina kisa chake. Tarehe 29 Agosti 1966, katika uwanja wa Candlestick Park huko San Francisco, Paul McCartney alimwomba afisa habari wao, Tony Barrow, arekodi onyesho kwa kinasa sauti cha kaseti. Barrow alifanya hivyo, na upande wa kaseti ukaisha wakati wimbo wa mwisho, "Long Tall Sally", ukiendelea. Onyesho la mwisho la ziara zao linakatika hivyo, wimbo ukiwa katikati.

Wakati mwingine hifadhi ilitokea kwa bahati ndani ya kazi nyingine. Mwaka 1965 tamthilia ya televisheni ya Doctor Who ilionyesha wasafiri wake wakitazama mashine inayoweza kuona nyakati zilizopita, na katika mashine hiyo wakawaona The Beatles wakiimba "Ticket to Ride". Kipande hicho kilichukuliwa kutoka Top of the Pops. Ukanda wa asili haupo tena. Kilichopo ni kile kilichoazimwa na tamthilia. Sisi wa fasihi tunaifahamu hali hii vizuri, kwani zipo beti za washairi ambazo tunazo kwa sababu tu mshairi mwingine alizitaja katika kazi yake.

Bara letu limo pia katika historia hii. BBC iliuza nakala za vipindi vyake kwa vituo vya nchi nyingi, zikiwamo za Afrika, katika filamu za milimita 16, kwa sharti kwamba zikisha kuonyeshwa zirudishwe, ziteketezwe au zipelekwe kituo kingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 za Doctor Who za mwaka 1967 na 1968, zilizokuwa hazipo popote Uingereza, zimepatikana katika mji wa Jos, Nijeria. Tangu hapo msakaji yeyote makini wa matangazo ya miaka ya 1960, yawe ya tamthilia au ya muziki, anajua kwamba jibu lake laweza kuwa katika chumba cha vumbi cha kituo cha televisheni cha Kiafrika. Sharti la kuteketeza lilivunjwa na mtu fulani asiyejulikana, na uvunjaji huo leo ni wema.

4. Zilizopotea njia

Sasa nije kwenye kundi ambalo kwa Kiswahili fasaha ndilo hasa "lililopotea": kumbukumbu zilizopo, zilizo salama, lakini zenye jina lisilo lake.

Katika ziara yake ya 1966 Bob Dylan alikuwa ameacha kupiga gitaa kavu peke yake katika nusu ya pili ya onyesho, akapiga muziki wa umeme pamoja na bendi. Baadhi ya wapenzi wa nyimbo za jadi waliona kwamba amewasaliti, na katika ukumbi mmoja msikilizaji alipaza sauti akamwita Yuda. Rekodi ya onyesho hilo ilizagaa kwa njia za panya kwa miaka mingi ikiwa na maelezo kwamba ni ya Royal Albert Hall, London. Mashabiki walichunguza, wakalinganisha rekodi za kumbi mbalimbali, wakahoji waliokuwapo, na ikathibitika kwamba tukio lile lilikuwa katika Free Trade Hall, Manchester, tarehe 17 Mei 1966. Rekodi ilipotolewa rasmi mwaka 1998, jina la Royal Albert Hall liliwekwa katika alama za mtajo, kwa heshima ya kosa lililokwisha kuwa mazoea. Mwaka 2005 picha zenyewe za tukio hilo zilionekana katika filamu ya Martin Scorsese, No Direction Home. Kwa miongo mingi, basi, mtu aliyezitafuta kwa kufuata jina zilizopewa alikuwa akibisha hodi mji ambao si wake.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipokea mkusanyo mkubwa wa filamu uliojulikana kwa jina la Prelinger. Ndani yake mlikuwa na filamu iliyoandikwa kwamba inawahusu Rolling Stones bustanini, na kwa mtu yeyote anayeijua historia hiyo maneno hayo yanaashiria onyesho la Hyde Park, London, la Julai 1969. Ilipokuja kutazamwa kwa makini ikaonekana kuwa ni filamu ya nyumbani, isiyo na sauti, ya takriban dakika 26, iliyopigwa Altamont, California, tarehe 6 Desemba 1969. Hilo ndilo tamasha ambalo kijana mmoja aliuawa mbele ya jukwaa, na ambalo wengi hulihesabu kuwa tamati ya matumaini ya muongo ule. Maktaba iliitoa hadharani mwaka 2022. Kwa miaka 20 filamu hiyo ilikuwa katika moja ya maktaba kubwa kabisa duniani, imewekwa vizuri, katika hali ya hewa iliyodhibitiwa. Kilichokosekana kilikuwa neno moja sahihi juu ya kasha.

Mfano wa tatu ni wa kundi la Velvet Underground, ambalo filamu zake za jukwaani ni adimu. Mwaka 2019 picha zao za rangi zilitambuliwa miongoni mwa mabaki ya habari za kituo cha televisheni cha Dallas, yanayotunzwa katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist. Wapiga picha wa habari walikuwa wamekwenda kwenye mkutano wa kupinga vita vya Vietnam, Oktoba 1969. Kwao habari ilikuwa vita, na bendi ilikuwa kelele za pembeni. Filamu iliandikwa kwa jina la lile lililomshughulisha mwandishi siku hiyo. Waliokuja kutafuta bendi walilazimika kwanza kujifunza historia ya maandamano.

5. Mbinu za wasakaji

Ndugu Mwenyekiti, ni wakati wa kueleza kwa nini nasema kwamba hawa ni ndugu zetu wa kitaaluma.

Msakaji akipata kipande kisicho na maelezo, swali lake la kwanza ni lile la mhakiki wa matini: hiki kilitoka wapi, na kilipita mikono ya nani? Anadai mlolongo wa wapokezi, kama anavyodai mwanazuoni wa hadithi. Baadaye anaingia ndani ya kipande chenyewe. Anatazama mavazi, gitaa, maikrofoni, pazia la nyuma, mwelekeo wa kivuli. Katika ngozi ya ngoma kubwa ya Ringo Starr jina la The Beatles liliandikwa kwa mkono zaidi ya mara moja, kwa kuwa ngoma na ngozi zake zilibadilishwa, na herufi hazikulingana kabisa. Mashabiki wamezichambua herufi hizo kiasi kwamba umbo la herufi moja laweza kusaidia kuitenga ziara moja na nyingine. Ni kazi ile ile tunayoifanya tunapoutambua mkono wa Muhammad Kijuma wa Lamu, ambaye alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu kama William Hichens na Ernst Dammann, kwa kuangalia jinsi anavyoikata herufi yake.

Baada ya hapo huja ulinganishaji. Filamu isiyo na sauti hupatanishwa na sauti isiyo na picha. Msakaji husoma midomo, huhesabu mapigo ya ngoma, hutazama vidole vimekaa kwenye nyuzi zipi. Tatizo ni kwamba kamera ya kujaza kwa ufunguo hupunguza kasi kadiri chemchemi inavyolegea, na kinasa sauti cha betri nacho hakiendi sawa. Kwa hiyo vitu viwili vilivyokwenda mwendo tofauti vinatakiwa vilazimishwe kutembea pamoja. Mashabiki wamefanya kazi hii usiku, baada ya saa za kazi, bila malipo, na wamebishana juu ya sekunde mbili kwa ukali ambao nimeuona tu katika mabishano yetu juu ya mizani.

Chombo chao kikuu, hata hivyo, ni kile ninachotaka tukizingatie zaidi, nacho ni orodha ya vilivyokosekana. Watu hawa waliketi na magazeti ya zamani ya ratiba za televisheni, matangazo ya kumbi na tiketi zilizohifadhiwa, wakaandika kila onyesho lililofanyika: tarehe, mahali, nyimbo, kamera zilizokuwapo. Kisha wakaweka alama mbele ya kile kilichosalia. Pengo likawa na jina. Tangu mwaka 1993 Taasisi ya Filamu ya Uingereza imekuwa ikiendesha maonyesho ya vipindi vilivyodhaniwa kufutwa, na mwaka 2001 BBC yenyewe ikawaomba wananchi wapekue dari na stoo zao. Mafanikio ya juhudi hizo yalitegemea orodha. Mwaka 2010, katika moja ya maonyesho hayo, kilitazamwa kipande kilichochakaa cha kundi la Pink Floyd likipiga "See Emily Play" katika Top of the Pops ya Julai 1967. Aliyeweza kukitambua thamani yake ni yule aliyekuwa na orodha inayosema kwamba hakipo.

6. Zilizofichwa na zilizotelekezwa

Si kila asiyetoa ni mhifadhi mwema. Kanda za sauti zilizorekodiwa Januari 1969, wakati The Beatles wakipigwa picha za filamu iliyokuja kuitwa Let It Be, ziliibiwa, zikawa chanzo cha rekodi haramu kwa miongo mitatu. Mwaka 2003 polisi wa Uingereza na Uholanzi walikamata takriban kanda 500. Hapa upenzi na wizi vilikaa nyumba moja. Wapo pia wakusanyaji ambao huficha walichonacho ili thamani yake ipande, na wengine huficha kwa hofu ya kunyang'anywa na wenye hakimiliki. Hofu hiyo si ya bure, na taasisi zinazotaka kupokea hazina budi kuijibu.

Kutelekeza ni jambo zito zaidi. Katika majira ya joto ya 1969, majuma kadhaa kabla ya tamasha maarufu la Woodstock na wakati huo huo, lilifanyika New York tamasha la utamaduni la Harlem, lenye maonyesho 6 na wasikilizaji wanaokadiriwa kufika 300,000. Walipanda jukwaani Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson, na Sly and the Family Stone ambao muziki wao uliunganisha roki na soul. Alikuwapo pia Hugh Masekela wa Afrika Kusini. Hal Tulchin alirekodi kanda za saa takriban 40. Hazikufutwa, hazikuibiwa, na aliyekuwa nazo hakuzificha. Alizitembeza kwa wenye vituo, wakamwambia hawana haja nazo. Zikakaa katika chumba cha chini ya nyumba yake kwa karibu miaka 50. Filamu iliyotokana nazo, Summer of Soul ya Ahmir Thompson, ilitolewa mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Oscar.

Tujiulize kwa nini Woodstock ilikuwa na filamu katika majumba ya sinema mwaka 1970, na Harlem ikangoja hadi 2021. Muongo ulikuwa mmoja, nchi moja, msimu mmoja. Watazamaji wa Harlem walikuwa Waamerika Weusi, na wenye fedha za kununua kumbukumbu hawakuona kwamba kumbukumbu ile ni ya taifa. Kwa kuwa haikununuliwa, haikutajwa. Na kwa kuwa haikutajwa, mashabiki wengi wa roki hawakuiandika hata katika orodha zao. Hili ndilo doa la kazi ya mpenzi: hutafuta kwa bidii anachokipenda, na asichokijua hakitafuti. Kwa sababu hiyo mpenzi peke yake hatoshi. Anahitaji kando yake mtu ambaye wajibu wake ni kuuliza nani hayumo katika daftari.

7. Uaminifu katika ukarabati

Niseme neno kuhusu zama hizi. Mwaka 2021 Peter Jackson alitoa The Beatles: Get Back, kutokana na takriban saa 60 za picha zilizopigwa Januari 1969 na Michael Lindsay-Hogg, akitumia kompyuta iliyofunzwa kutenganisha sauti zilizochanganyika, hata mazungumzo yaliyofunikwa na gitaa yakasikika. Huo ni ufundi wa kustaajabisha. Lakini kompyuta hiyo hiyo yaweza pia kutia rangi isiyokuwapo, kubuni picha za kuziba mapengo, na kunyoosha uso uliokuwa na ukungu. Mhakiki wa matini anaijua hatari hii tangu kale. Mnakili aliyekuta ubeti umeliwa na mchwa akautunga upya bila kusema ametudhuru kuliko mchwa, kwa kuwa mchwa aliacha tundu linaloonekana. Kanuni ni ile ile: kilichoongezwa kionyeshwe kuwa kimeongezwa, na kilichopatikana kihifadhiwe kando kama kilivyopatikana. Sekunde 92 za Liverpool hazikuwa na sauti. Anayezitazama leo zikiwa na wimbo ana haki ya kuambiwa kwamba wimbo umebandikwa.

8. Hitimisho

Katika miaka ile ile ambayo mafundi wa London walikuwa wakifuta kanda, J.W.T. Allen alikuwa akizungukia nyumba za mwambao wetu akikusanya hati na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Alichokikuta kilikuwa mikononi mwa familia: katika makasha ya mbao, chini ya vitanda, kwa akina bibi waliokuwa wakisoma utendi kwa wajukuu. Walivitunza kwa mapenzi, kama ilivyotunza familia ile ya Liverpool, bila kuagizwa na serikali wala chuo.

Hali yetu kwa upande wa muziki ni ngumu zaidi ya ile ya Waingereza. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, hivyo hakuna chumba cha kituo ambamo tunaweza kuzikuta picha za dansi la miaka ya 1960. Kanda za sauti zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Picha zinazotembea, kama zipo, zipo kwa watu: kwa aliyekuwa na kamera arusini, kwa mgeni aliyezuru na kurudi kwao, kwa mwanamuziki mstaafu ambaye watoto wake hawajui kasha lile lina nini. Wenye makasha hayo wanazeeka, na filamu yenye asidi ikianza kunuka kama siki haingoji.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote nimeyachukua kwa wasakaji niliowaeleza. Kwanza, idara zetu zianze kuandika orodha ya vilivyokosekana: bendi gani, ukumbi gani, tarehe gani, nani anakumbuka kamera. Orodha hiyo inahitaji daftari, magazeti ya zamani na wanafunzi wenye subira. Fedha nyingi hazihitajiki. Pili, mwenye kanda asinyang'anywe kanda yake. Tunakili, turudishe, tuandike jina lake, na asipotaka litajwe tuheshimu. Tatu, maneno yaliyoandikwa juu ya kasha yanakiliwe yalivyo, hata yakiwa na makosa, na maelezo sahihi yawekwe pembeni. Kosa la mwandishi wa kwanza nalo ni ushahidi. Ndilo lililoonyesha njia ya kurudi Manchester.

Kazi hii yaweza kuanza wiki ijayo, kwa mwanafunzi mmoja kumtembelea mzee mmoja mtaani kwake na kumwuliza amehifadhi nini. Akienda, aende na kalamu.